Mvinyo wa Ikaria: Je, glasi moja kila jioni ndiyo siri ya kuishi miaka mingi?

Bila shaka nawe, msomaji, umewahi kuyasikia haya. Ni kwenye harusi, au mkahawani baada ya kazi siku ya Ijumaa. Mwenzako amejimiminia mvinyo mwekundu na hata kabla hujamwuliza ameanza kujitetea: hii si pombe bwana, hii ni dawa ya moyo, madaktari wenyewe wamesema. Ukimbana zaidi atakutajia kisiwa fulani cha Ugiriki ambako wazee hunywa mvinyo kila siku na wangali wanalima mashamba yao wakiwa na umri wa miaka tisini.

Kisiwa hicho kipo na kinaitwa Ikaria. Mvinyo wake upo, na wazee wake wapo. Lenye utata ni lile neno "dawa". Neno hilo limewafanya watu ambao hawakuwa wakinywa waanze kunywa, na wenye shinikizo la damu wapuuze ushauri wa daktari. Kwa hivyo inafaa tufunge safari ya kuwaza, tukakitazame kisiwa chenyewe, kabla ya kuamua kama kuna haja ya kununua chupa.

Ikaria iko mashariki ya Bahari ya Aegean, karibu zaidi na pwani ya Uturuki kuliko Athens, mji mkuu wa Ugiriki. Ukubwa wake ni kilomita 255 hivi za mraba na sensa ya mwaka wa 2011 ilihesabu watu wapatao 8,400. Idadi hiyo ungeipata katika mtaa mmoja tu wa Eastlands, Nairobi, na bado ukabakisha wengine. Katikati ya kisiwa umesimama mlima wa mawe ambao kilele chake kinapita mita 1,000. Jina lake linatokana na ngano ya kale ya Icarus, yule kijana aliyeruka angani kwa mbawa za nta, akalikaribia jua mno, nta ikayeyuka naye akaanguka baharini.

Kwa karne nyingi wakazi hawa waliiogopa bahari. Maharamia walipovamia pwani, watu walihamia juu milimani na kujenga nyumba ndogo za mawe zilizojificha chini ya majabali, bila dohani, ili moshi usiwafichue. Kutoka huko ndiko kulikozaliwa maisha ambayo leo yanashangaza ulimwengu: vijiji vilivyotawanyika, mashamba ya ngazi kwenye miteremko mikali, na mtu kulazimika kupanda na kushuka kila anapotaka kumwona jirani. Mwaka wa 1912 wenyeji waliwafukuza watawala wa Kituruki na kujitawala wenyewe kwa muda wa miezi mitano kabla ya kuungana na Ugiriki. Baadaye, katika miaka ya 1940, serikali ilikitumia kisiwa kama mahali pa kuwatupa wapinzani wake wa mrengo wa kushoto. Maelfu walipelekwa huko, akiwemo mtunzi mashuhuri wa muziki Mikis Theodorakis mwaka wa 1947. Wenyeji, maskini kama walivyokuwa, waliishi nao na kula nao.

MVINYO UNAOFUKIWA ARDHINI

Sasa tuje kwenye mvinyo wenyewe. Upande wa magharibi wa kisiwa, katika eneo la vijiji vya Raches, kuna familia iitwayo Afianes ambayo imekuwa ikitengeneza mvinyo kwa ajili ya soko tangu miaka ya 1990. Ni kazi ya baba, mama na watoto. Zabibu zao ni za asili ya huko: Fokiano, ambayo ni nyekundu, na Begleri, ambayo ni nyeupe. Mizabibu imepandwa juu milimani kwenye udongo wa changarawe ya matale, na kwa sababu mteremko ni mkali, kazi nyingi hufanywa kwa mikono.

Zabibu huvunwa majira ya kiangazi yanapokwisha. Kwa mtindo wa kale ziliachwa juani kwa siku kadhaa ili maji yapungue na utamu uzidi, kisha zikakanyagwa kwa miguu katika birika la mawe. Maji yake yalitiririka hadi kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Udongo huuweka mvinyo katika ubaridi ule ule mchana na usiku, kama vile mtungi wa maji wa nyanya yako ulivyofanya kazi kabla ya jokofu. Hamira haiongezwi, kwani iliyo kwenye maganda ya zabibu inatosha. Familia ya Afianes imeurudisha mtindo huu wa mitungi kwa baadhi ya mvinyo wake, na nyumba nyingi za kisiwani hujitengenezea mvinyo wao wenyewe kwa mwaka mzima, kama ambavyo nyumba nyingi za Pwani yetu zilivyokuwa na mgema wao.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanywaji wa mjini hulisahau. Mwenye kunywa glasi ile Ikaria ndiye aliyeupogoa mzabibu wakati wa baridi, akaujenga upya ukuta wa mawe ulioporomoka kwa mvua, akavuna na kubeba makapu ya zabibu mlimani. Kabla hajaionja glasi moja, amefanya kazi ya miezi. Sisi tunaipata glasi hiyo kwa kunyoosha mkono kwenye rafu ya duka kubwa, kisha tunarudi nyumbani kwa gari.

Sifa za mvinyo huu ni za kale. Homer, yule mshairi wa Kigiriki, anautaja mvinyo wa Pramnos, na wenyeji wa Ikaria wanadai kwamba ulitoka kwenye mlima wao. Katika Iliad, tabibu Machaon anapojeruhiwa vitani anapewa mvinyo huo uliochanganywa na jibini ya mbuzi na unga wa shayiri. Kwa hivyo wazo la mvinyo kuwa dawa halikuanzia katika mikahawa ya Westlands. Hata hivyo, katika Odyssey mvinyo huo huo wa Pramnos ndio mchawi Circe anaowanywesha mabaharia kabla ya kuwageuza nguruwe. Sehemu hiyo mwenzako wa Ijumaa huwa haitaji.

KINACHOIZUNGUKA GLASI

Ukiitazama meza ya Mwikaria wa umri mkubwa, utaona kwamba glasi ya mvinyo ni ndogo na vilivyoizunguka ni vingi. Kuna kunde zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, maharagwe, dengu, viazi, mkate wa nyumbani, jibini ya mbuzi, asali, na majani ya porini aina nyingi. Nyama haikuwa chakula cha kila siku. Mbuzi alichinjwa kwa sikukuu, au mgeni alipokuja.

Hapa, msomaji, kuna jambo linaloweza kukushangaza. Majani ambayo Wagiriki huchemsha na kuyatia limau ni pamoja na mchicha, ambao wao huuita vlita, na mnavu, ule ule ambao sokoni kwetu unaitwa managu. Tena Ikaria inajulikana kote Ugiriki kwa kulima nduma. Ndiyo, nduma hizi hizi za kandokando ya mito ya Nyeri na Kisii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, njaa kali ilipoikumba Ugiriki iliyokuwa imetekwa, nduma ndizo ambazo wazee wa Ikaria wanasema ziliwaokoa na kifo. Basi mtu anayeruka juu ya kunde, mnavu na nduma za soko la Gikomba au Wakulima ili anunue mvinyo wa kigeni kwa jina la afya, amechukua kitu kimoja cha meza ile na kuacha vingine vyote.

Baada ya chakula cha mchana, watu hulala kidogo. Maduka ya Raches yamepata umaarufu kwa kufunguliwa jioni na kubaki wazi hadi usiku wa manane, kwa kuwa hakuna anayeharakisha. Kuhusu usingizi wa mchana, watafiti waliwafuatilia Wagiriki 23,681 wa sehemu mbalimbali za nchi na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2007. Waliokuwa na desturi ya kulala mchana walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 37, wa kufa kwa maradhi ya moyo. Tafiti nyingine zilizofuata kwingineko hazikukubaliana zote na jambo hilo, hasa kuhusu usingizi mrefu wa mchana, ambao wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa na si kinga.

Kisha kuna sherehe. Wakati wa kiangazi kila kijiji huwa na siku yake, iliyo kubwa zaidi ikiwa ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Nyama ya mbuzi inapikwa, mvinyo unamiminwa, na watu wa rika zote hushikana mabega na kucheza ngoma ya Ikariotikos hadi alfajiri. Ajuza wa miaka themanini hucheza bega kwa bega na wajukuu zake. Faida inayopatikana hutumika kwa mambo ya kijiji, kama vile barabara, shule au kanisa. Kwa Mkenya hilo halihitaji maelezo: ni harambee yenye ngoma.

WATAFITI WALIPOFIKA

Habari za wazee wa Ikaria zilisambaa duniani kutokana na kazi iliyoanzia kisiwa kingine, Sardinia nchini Italia. Mwaka wa 2004 daktari Mwitalia Gianni Pes na mtaalamu wa takwimu za watu kutoka Ubelgiji, Michel Poulain, walichapisha utafiti kuhusu vijiji ambako wanaume wengi walikuwa wakifikia umri wa miaka mia moja. Kwenye ramani walivizungushia vijiji hivyo wino wa buluu, na jina "maeneo ya buluu" likabaki. Mwandishi Mmarekani Dan Buettner akalieneza, akaongeza Okinawa nchini Japani, Nicoya nchini Costa Rica, mji wa Loma Linda nchini Marekani na, mwishowe, Ikaria.

Mwaka wa 2009 madaktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Athens walikwenda Ikaria na kuwachunguza watu 1,420 wenye umri wa miaka 30 na zaidi. Kati yao, wanaume 89 na wanawake 98 walikuwa wamepita miaka 80, yaani asilimia 13 ya wote. Wengi wa wazee hao walikuwa bado wanatumia miili yao kila siku, wanakula vyakula vya asili, hawavuti sigara, wanalala mchana na kutembeleana mara kwa mara. Ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa ulikuwa nadra sana kati yao. Madaktari hao walichunguza pia kahawa ya Kigiriki, ile inayochemshwa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 wakaona kwamba wazee walioinywa walikuwa na mishipa ya damu inayotanuka vyema zaidi.

Ni utafiti wa maana, lakini usome kwa uangalifu. Ulichofanya ni kuwauliza na kuwapima watu waliokuwa hai siku hiyo. Unaweza kutuambia wazee wale waliishi vipi, ila hauwezi kutuambia ni lipi kati ya mambo hayo yote lililowafikisha pale. Tena wazee wale ni mabaki ya kizazi kilichopita katika njaa na vita. Walio dhaifu walikwisha kufa zamani, na hao hakuna daktari aliyeweza kuwahoji.

Kuna hata wanaotilia shaka umri wenyewe. Mtafiti Saul Newman wa Chuo Kikuu cha London alituzwa Tuzo ya Ig Nobel mwezi Septemba 2024 kwa kuonyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifika kwa wazee wa miaka mia moja na zaidi ni zile zilizokuwa na umaskini, uandikishaji mbovu wa vizazi, na sababu ya mtu kuficha kifo ili pensheni iendelee kulipwa. Serikali ya Ugiriki yenyewe, mapema katika miaka ya 2010, iligundua maelfu ya pensheni zilizokuwa zikilipwa kwa marehemu. Pes, Poulain na Buettner wamejibu kwamba wao walihakikisha umri wa wazee wao kwa kulinganisha vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kanisa. Ubishi huo haujaisha. Kwa maoni yangu, hata ukiwatoa wale wa miaka mia moja kwenye hesabu, bado unabaki na wazee wa miaka themanini wanaopanda mlima kwa miguu yao, na hilo si dogo.

MGONJWA ALIYERUDI KUFA

Kati ya visa vyote vya Ikaria, kinachosimuliwa zaidi ni kile cha Stamatis Moraitis. Alizaliwa kisiwani, akahamia Marekani wakati wa Vita vya Pili, akafanya kazi na kulea watoto huko. Mwaka wa 1976 madaktari walimwambia ana saratani ya mapafu na kwamba hatapitisha miezi tisa. Akaona gharama ya mazishi Marekani ni kubwa mno, akarudi na mkewe Ikaria ili azikwe karibu na wazazi wake. Akapanda mboga bila kutarajia kuzila, akaanza kulipalilia shamba la mizabibu la familia, rafiki zake wa utotoni wakawa wanakuja na mvinyo kuzungumza naye. Miezi ikapita. Alikufa mwaka wa 2013, zaidi ya miaka thelathini na mitano baadaye, akiwa na umri wa karibu miaka mia moja.

Ni kisa kitamu, na ndiyo sababu ni cha hatari. Mtu mmoja si utafiti. Hakuna anayejua uvimbe ule ulikuwa wa aina gani, wala kama madaktari hawakukosea tangu mwanzo. Katika hospitali zetu wauguzi hukutana na wagonjwa waliogunduliwa mapema, ambao matibabu yangewafaa, lakini wakaenda nyumbani kujaribu majani na maombi, wakarudi baada ya mwaka mmoja uvimbe ukiwa umesambaa. Ikiwa wewe au jamaa yako ana saratani, mpe kisa cha Moraitis kama hadithi ya kumchangamsha, lakini siku ya kliniki mpeleke kliniki.

JE, MVINYO UNA DAWA?

Imani ya kisasa kuhusu mvinyo mwekundu ilianza kuvuma mwaka wa 1991, wakati kipindi kimoja cha televisheni nchini Marekani kilipomhoji mtafiti Mfaransa Serge Renaud. Swali lilikuwa hili: mbona Wafaransa wanakula siagi na jibini kwa wingi lakini hawafi sana kwa maradhi ya moyo? Renaud alielekeza kidole kwenye mvinyo. Tafiti nyingi zilizofuata zilionekana kumwunga mkono, kwa sababu wanywaji wa kiasi walikuwa wakiishi zaidi ya wasiokunywa kabisa.

Baadaye wataalamu waliligundua tobo. Katika kundi la "wasiokunywa" walikuwemo watu wengi walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukiwalinganisha wanywaji wenye afya na watu kama hao, bila shaka wanywaji watapata ushindi wa bure. Isitoshe, mnywaji wa glasi moja mara nyingi ni mtu mwenye kipato kizuri, anayekula vizuri na mwenye daktari wake. Mwaka wa 2023 uchambuzi wa tafiti 107 zilizohusu watu zaidi ya milioni 4.8 ulirekebisha kasoro hizo, na faida ya unywaji wa kiasi ikafifia hadi kutokuwa na uzito wa kitakwimu.

Utasikia pia kuhusu resveratroli, kemikali iliyo kwenye maganda ya zabibu. Ni kweli imo, na imo pia kwenye njugu karanga. Lakini katika mvinyo kiasi chake ni kidogo sana. Katika eneo la Chianti nchini Italia, ambako mvinyo ni sehemu ya maisha, watafiti waliwafuatilia wazee 783 kwa miaka tisa wakipima kemikali hiyo kwenye mkojo wao. Matokeo, yaliyotolewa mwaka wa 2014, yalionyesha kwamba waliokuwa nayo kwa wingi hawakuishi zaidi ya wengine, wala hawakuepuka maradhi ya moyo au saratani zaidi yao.

Upande wa pili wa mizani uko wazi. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka wa 1988. Mwilini pombe hugeuzwa kuwa asetaldihaidi, sumu inayoharibu chembechembe za uhai. Miongoni mwa saratani zinazohusishwa nayo ni ile ya matiti na ile ya umio, na zote mbili ni miongoni mwa zinazowasumbua Wakenya zaidi. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Mwili hautofautishi pombe iliyotoka kwenye mtungi wa Raches na ile ya chupa ya bia.

Na usidanganywe na umbo la glasi. Mililita 150 za mvinyo wenye asilimia 14 ya pombe zina takriban gramu 16 za pombe safi, sawa na chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 4. Chupa nzima ya mililita 750 ina zaidi ya gramu 80. Watu wawili wanaogawana chupa hiyo kwa chakula cha jioni wamekunywa, kila mmoja, kama bia mbili na nusu, ingawa kwa heshima zaidi.

Iwapo hunywi, basi hakuna utafiti wa kukushawishi uanze kwa ajili ya moyo wako. Iwapo unakunywa kwa sababu unapenda, hilo ni lako kuamua, lakini liite starehe. Na kuna wasiopaswa kujaribu kabisa: mama mjamzito, mwenye maradhi ya ini, anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo zikikutana na pombe huliumiza ini, na yule ambaye familia yake inajua kwamba glasi ya kwanza haijawahi kuwa ya mwisho. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kwanza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na pombe ni moja kati ya mambo yanayolipandisha.

Mengine ya Ikaria hayahitaji leseni wala bei ya forodha. Shuka kwenye matatu steji mbili kabla ya yako ikiwa njia ni salama. Punguza nyama uongeze kunde. Zima simu uende kumwona shangazi yako wa Kariobangi ambaye umekuwa ukimwahidi tangu Krismasi. Wa Okinawa waliyaacha ya kwao: mwaka wa 2000, baada ya miongo ya mikahawa ya vyakula vya haraka iliyokuja na kambi za jeshi la Marekani, wanaume wao waliporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya majimbo 47 ya Japani kwa urefu wa maisha. Damu yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika kilikuwa kwenye sahani na miguuni, na ukitazama foleni ya chipsi katika mtaa wowote wa Nairobi saa saba mchana utaelewa kwa nini nimekitaja kisa hicho.

Na ukitaka kuanza Jumapili hii, anza na nduma. Huko Ikaria huzichemsha hadi zilainike na kuzila kama saladi. Nawe zichemshe vizuri sana, kwani nduma isiyoiva huwasha koo. Zimenye, uzikate vipande, utie kitunguu kilichokatwa vyembamba, maji ya limau, chumvi kidogo na mafuta ya zeituni ukiwa nayo. Ukikosa zeituni, mafuta yoyote ya mboga yatafaa. Kando yake weka bakuli la managu, na jagi la maji.